Kamba, Mende na Sindano ya Pajani

Bagamoyo nilikokulia, kamba ni chakula cha heshima. Masika yakishika, mito ya Wami na Ruvu ikishusha maji ya udongo baharini, wavuvi walirudi na matenga yamejaa, na mtaa mzima ukanukia nazi na ndimu. Bibi yangu alimenya kamba bila kutazama mikono: kichwa kwanza, kisha ganda, kisha anachana mgongo kwa ukucha na kuvuta ule uzi mweusi. Maganda hakuyatupa. Aliyachemsha akapata mchuzi mwepesi wa kupikia wali, na mimi nimelelewa kwa wali huo. Nilikula kamba tangu sijui kulitamka jina lao, nikaendelea hadi nikawa msichana wa sekondari, na sikupata hata kipele.

Nalitanguliza hili kwa sababu ndilo linalowakanganya watu kuliko yote. "Si ulikuwa ukila wewe?" Nimeulizwa hivyo na shangazi zangu, na mawifi, na hata tabibu mmoja kijana aliyekuwa akiniandikia cheti. Swali lao linatokana na maisha ya kila siku, ambamo kitu ulichokizoea hakikudhuru. Lakini mtu hazaliwi na mzio wa kamba. Mwili hujifunza, na ili ujifunze ni lazima kwanza ukutane na kitu chenyewe, mara moja au mara mia, bila wewe kuhisi lolote.

Mwili wangu ulimaliza kujifunza Jumapili moja, tukiwa tumezunguka sinia kama siku zote. Ulimi uliwasha kwanza. Kisha masikio, kwa ndani, mahali ambapo kidole hakifiki. Kisha mabaka mekundu yakainuka tumboni na mapajani, moja likimeza jingine, kila nikijikuna yanazidi. Bibi akasema kamba wamevunda. Jirani akasema kijicho. Mimi niliwatazama ndugu zangu waliokula sinia lile lile: hakuna aliyejikuna, na usiku ule wote walilala vizuri.

Bibi hakukosea kushuku chakula kwanza. Watu wa pwani wanajua kuwa jodari au vibua wakikaa juani bila barafu huleta balaa. Bakteria huigeuza sehemu ya nyama ya samaki hao kuwa histamini, na histamini hiyo haiondoki hata ukikaanga mpaka samaki akauke. Atakayekula uso humwiva, kichwa kikampiga, ngozi ikamwasha. Histamini ni kemikali ile ile inayomwagwa na mwili wenyewe wakati wa mzio, ndiyo maana dalili zinafanana. Tofauti ni kwamba samaki aliyeharibika huwapata wengi waliokaa kwenye sinia. Mzio humtafuta mmoja kati ya kumi, na anaweza kuwa mtoto mwenye afya kuliko wote.

Kwamba mwili unaweza kudhuriwa na kitu ulichokwisha kukivumilia, jambo hili liliwashangaza wataalamu wenyewe. Mwaka 1901 Mwanamfalme Albert I wa Monaco aliwachukua Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, katika meli yake ya utafiti, wachunguze sumu ya kiumbe wa baharini wa jamii ya yavuyavu, mwenye nyuzi ndefu zinazowaunguza waogeleaji. Waliporudi Ufaransa waliendelea kwa sumu ya kiumbe mwingine wa jamii hiyo, anayejishika kwenye miamba, wakawa wanawadunga mbwa. Walitarajia kwamba mbwa akipewa kidogo kidogo atazoea. Mmoja wao, mbwa mwenye nguvu aliyeitwa Neptune, alidungwa dozi ndogo na hakuumwa. Baada ya siku 22 wakampa dozi ile ile. Sekunde chache tu zilipita akaanza kuhema kwa shida, akashindwa kujikokota, akalala ubavu, akaharisha, akatapika damu, na baada ya dakika 25 alikuwa amekufa. Richet aliiita hali hiyo anafilaksisi, na mwaka 1913 akapewa Tuzo ya Nobel. Kila ninaposimuliwa habari ya mtu aliyekufa kwa mng'ato wa nyuki baada ya kung'atwa utotoni bila madhara, au aliyezimia kwa sindano ya penisilini ambayo mwaka uliopita ilimponya, namkumbuka mbwa yule. Dozi ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni mwili.

Ilichukua zaidi ya miaka 60 kujua kimebadilika nini. Mwaka 1966, mke na mume Wajapani waliokuwa wakifanya kazi Denver, Marekani, Teruko na Kimishige Ishizaka, waliieleza aina ya kingamwili iliyokuwa haijulikani. Watafiti wa Uppsala, Sweden, S.G.O. Johansson na Hans Bennich, waliifikia kwa njia yao wakati huo huo, na mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani likaipa jina la IgE. Iko kidogo sana katika damu, kidogo kuliko kingamwili nyingine zote, na haikai damuni tu. Hujibandika juu ya seli ziitwazo seli za masti, zilizosambazwa chini ya ngozi, puani, kwenye njia za hewa na kwenye utumbo, yaani pale pale ambapo vitu vya nje huingilia.

Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo, na sijapata maelezo ya mzio yanayotosha kuliko hayo. Mara ya kwanza mwili ukikutana na protini unayoishuku, hutega. IgE hutengenezwa kwa kipimo cha protini hiyo na kupangwa juu ya seli za masti. Hapo mtu hajui lolote. Siku protini ile ikirudi na kugusa IgE mbili zilizokaa jirani, mtego unafyatuka, na ndani ya dakika chache seli zinamwaga histamini na kemikali nyingine zilizokuwa zimehifadhiwa ndani yake. Mishipa midogo hutanuka na kuvuja maji, ngozi inavimba. Misuli ya njia za hewa hujibana. Utumbo husokota na kusukuma nje kila kilichomo. Damu inapokosa msukumo kwa sababu mishipa imelegea mwili mzima, presha huanguka.

Tena panya aliyekusudiwa yupo, na sisi wa nchi hizi tunamjua vizuri. Ni mnyoo. Kuwasha kunamfanya mtu amkwangue mdudu kwenye ngozi; kikohozi na makamasi humsukuma anayepita mapafuni; tumbo linalosokota humng'oa aliyejishika utumboni. Kwa kazi hiyo silaha yote ina maana. Nilipoelewa hivyo nilipata amani ambayo sikuipata kwa maelezo ya kijicho wala kwa yale ya damu chafu. Sina damu chafu. Nina kinga iliyotegwa kwa ajili ya adui mmoja, ikamnasa mwingine.

Na anayenaswa hakosi kufanana na anayekusudiwa. Protini inayowadhuru wengi wasioweza kula kamba inaitwa tropomayosini, na iko kwenye misuli. Iko kwa kamba, kamba kochi na kaa, na aina za karibu yake ziko kwa ngisi na pweza. Iko pia kwa mende, iko kwa utitiri wa vumbi unaoishi magodoroni, na iko kwa minyoo. Samaki wenye mifupa wana tropomayosini ya aina nyingine, iliyo karibu na yetu wenyewe, ndiyo maana mimi nakula changu na nguru bila wasiwasi na watu wakinishangaa. Mwenye mzio wa samaki kwa kawaida huwa ameshikwa na protini tofauti kabisa. "Vya baharini" si kundi moja kwa mwili hata kama sokoni vinauzwa meza moja.

Moto hauivunji tropomayosini. Kamba aliyechemshwa saa nzima ni yule yule kwangu, na hata mvuke wa chungu huweza kuibeba. Kwa muda mrefu nyumbani walidhani naringa nikitoka jikoni kamba wanapochemka.

Kilichonifundisha zaidi, lakini, hakikutokea Bagamoyo. Kilitokea Tanga, kwenye harusi ya upande wa mume wangu, nikiwa nimeshakuwa mama. Kwa miaka mingi nilikuwa nimejilinda kwa kuuliza swali moja: hiki kina kamba? Siku ile nililiuliza, nikajibiwa kwa ukweli kabisa kwamba bajia ni za kunde tupu. Zilikuwa za kunde tupu. Lakini karai lilikuwa moja, na asubuhi ile mafuta yale yale yalikuwa yamekaangia kamba wa mabwana harusi.

Nilikula bajia mbili. Midomo ikaanza kuwaka, mabaka yakajitokeza shingoni, na wanawake wakanizunguka kwa mapenzi yote. Mmoja akasema nipewe maziwa, mwingine akasema dafu lizimue sumu. Wifi yangu mkubwa alifungua mkoba akatoa vile vidonge vidogo vya manjano ambavyo kila nyumba inavyo, vya mafua na kuwasha, nikameza. Baada ya kitambo mabaka yakaanza kufifia. Nakumbuka furaha iliyopita mle chumbani. "Alhamdulillahi, yanashuka." Wakarudi kwenye ngoma yao wawili watatu.

Mimi nilikuwa ndani ya mwili huo nao wakiutazama kwa nje. Tumbo lilinikata. Sauti yangu ilikuwa imebadilika, imekuwa nzito na ya kukwaruza, na nilikuwa nimeanza kukohoa kikohozi kifupi kikavu. Juu ya yote nilipatwa na hofu ambayo haikuwa na sababu ninayoweza kuitaja, hisia kwamba kuna jambo kubwa linakuja. Baadaye nimesoma kwamba hisia hiyo yenyewe ni dalili inayotajwa katika vitabu vya tiba. Niliinuka niende msalani. Hatua tatu, nne, kisha ukuta ukanijia usoni.

Walionibeba walinifikisha kituo cha afya kilichokuwa mtaa wa pili. Nesi aliyekuwa zamu alikuwa mama wa makamo, mwenye kanga mabegani juu ya sare. Shemeji yangu alianza kumweleza kwamba mabaka yameshapungua na nimeshapewa dawa. Nesi hakutazama mabaka. Aliinamisha sikio karibu na mdomo wangu akasikiliza ninavyopumua, akashika mkono na kutafuta mapigo, akasema, "Asikae. Mlazeni chini, miguu juu ya kiti." Kisha nikasikia mlio mdogo mkavu wa shingo ya kichupa kuvunjwa. Alilipandisha dera langu, akaichoma sindano ubavuni mwa paja, katikati, ikazama wima mpaka mwisho. Haikuuma kama nilivyodhani. Ndani ya dakika mbili tatu moyo ulianza kunidunda hadi masikioni, mikono ikatetemeka, meno yakagongana, na katikati ya kutetemeka huko hewa ikaingia. Sijawahi kuonja kitu kitamu kama hewa ile.

Ilikuwa adrenalini. Nimejifunza juu yake yote niliyoweza tangu siku hiyo, na nataka kila anayesoma haya aondoke na angalau sehemu hii. Vidonge vya kuzuia histamini hufanya kazi moja, yaani kuizuia histamini isishike pale inapotaka kushika, na vikipitia tumboni huchukua nusu saa au zaidi. Hupunguza kuwasha na mabaka. Havifungui koo lililovimba, havipandishi presha iliyoanguka, na havigusi kemikali nyingine zilizokwisha kumwagwa. Adrenalini hukaza mishipa iliyolegea, hufungua njia za hewa, hupunguza uvimbe wa koo na kuzizuia seli za masti zisiendelee kumwaga. Kwa mtu mzima ni nusu miligramu, yaani nusu mililita ya ile ya 1 kwa 1,000. Kwa mtoto hupimwa kwa uzito wake. Huchomwa kwenye msuli wa paja kwa sababu msuli huo ni mkubwa na una damu nyingi, dawa hufika mwilini haraka kuliko ikichomwa begani au chini ya ngozi. Isipotosha, baada ya kama dakika 5 hurudiwa.

Nesi yule aliponiambia nisikae, sikuelewa. Miaka mingi baadaye nilisoma kazi ya daktari wa Uingereza, Richard Pumphrey, aliyepekua kumbukumbu za watu waliokufa kwa anafilaksisi. Katika ripoti aliyoichapisha mwaka 2000, aliona kwamba moyo ulisimama kwa kawaida kama dakika 30 baada ya chakula, kama dakika 15 baada ya mng'ato wa mdudu, na kama dakika 5 baada ya dawa ya sindano ya hospitalini. Kisha, mwaka 2003, akaeleza jambo lililonifanya niweke karatasi chini. Baadhi yao walikufa muda mfupi baada ya kukalishwa au kusimamishwa. Mishipa ikiwa imelegea, damu hukusanyika miguuni, na mtu akiinuka moyo haupati cha kusukuma. Mimi niliinuka kwenda msalani. Watu wetu, kwa huruma, humkalisha mgonjwa, humwegemeza, humtembeza "apate upepo". Mgonjwa alazwe. Akiwa anapumua kwa shida sana anaweza kuinuliwa kifua tu, miguu ikibaki imenyooka. Akiwa mjamzito alale ubavu wa kushoto. Akitapika alale ubavu. Asitembezwe hata akisema amepata nafuu.

Usiku ule nilitaka kurudi harusini na nesi akakataa. Kwa watu wengine dalili hurudi saa kadhaa baadaye bila kula kitu kingine. Alinilaza hadi asubuhi, na alikuwa sahihi kunilaza ingawa kwangu hazikurudi.

Tangu hapo nimekuwa nikitazama namna sisi tunavyoupima mzio, na tunaupima kwa macho. Ngozi ndiyo tunayoiona, hivyo ngozi ikitulia tunamshukuru Mungu na kurudi kwenye shughuli. Lakini mtu hafi kwa mabaka. Hufa kwa koo, kwa mapafu na kwa presha, na takriban mtu mmoja au wawili kati ya kumi wanaopata anafilaksisi hawatoki mabaka kabisa. Ndiyo maana nawaambia ndugu zangu wasinitazame shingo. Wasikilize sauti yangu. Wanisikie kama nakohoa, kama kifua kinapiga miluzi, kama natapika, kama nimelegea. Kitu kimoja kati ya hivyo, baada ya chakula au dawa au nyuki, na safari ya kituo cha afya ianze hapo hapo.

Kwa upande mwingine, neno aleji sasa limekuwa kapu la kila kitu, na hilo nalo linaniumiza, kwa sababu pale kila mtu anapokuwa na aleji, mwenye nayo haaminiwi. Anayejaa tumbo gesi akinywa maziwa kwa kawaida hana mzio. Amepungukiwa na kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa, jambo la kawaida kwa watu wazima wengi wa Afrika, na halitamuua. Anayepata kiungulia kwa pilipili hana mzio. Nimeletewa na jamaa karatasi za vipimo vya damu zilizoorodhesha vyakula kumi na kitu vya kuacha, wali, maharage, mayai, ndizi, na mtoto amekonda. Vipimo vingi vya namna hiyo hupima kingamwili za aina ya IgG, ambazo mwili huzitengeneza kwa chakula chochote unachokula. Hazisemi lolote juu ya mzio. Hata kipimo sahihi cha IgE, au kile cha kuchoma ngozi kidogo kwa tone la kitu kinachoshukiwa, hakitoshi peke yake. Daktari mzuri huanza kwa kuuliza ulikula nini, baada ya muda gani, nini kikatokea, na kama imewahi kujirudia.

Huku kwetu tahadhari hiyo ina uzito zaidi. Watu waliokua na minyoo wana IgE nyingi katika damu, na kwa kuwa minyoo, mende na kamba wanafanana protini, kipimo kinaweza kusema "kamba" kwa mtu anayewala kila wiki kwa raha. Utafiti uliofanyika Entebbe, Uganda, ulitoa jambo la kufikirisha zaidi. Wanawake wajawazito waliopewa albendazoli walizaa watoto waliopata ukurutu wa ngozi kwa wingi kuliko watoto wa wale ambao hawakupewa. Inaelekea mnyoo, ili aishi ndani yetu miaka bila kufukuzwa, huituliza kinga yetu, na akiondoka utulivu huo unaondoka naye. Mtu asichukue hili kuwa sababu ya kukataa dawa za minyoo. Safura imewamaliza damu watoto wetu wa kutosha. Lakini linanisaidia kuelewa kwa nini wajukuu waliozaliwa Dar es Salaam, kwenye nyumba za vigae, wanapiga chafya na kubanwa vifua kuliko binamu zao wa shamba.

Kuna habari njema moja kwa akina mama, na ni ya karanga. Zamani wazazi wa nchi za Ulaya na Marekani walishauriwa wamcheleweshe mtoto kula karanga. Mwaka 2015 timu ya Gideon Lack ya London ilichapisha utafiti wa watoto waliokuwa hatarini zaidi, na wale waliolishwa karanga mapema, kabla ya kutimiza mwaka, walipata mzio wake pungufu kwa takriban asilimia 80 kuliko walioepushwa. Mama anayechanganya unga wa karanga kwenye uji wa lishe mtoto anapofikisha miezi sita anafanya jambo jema, na asitishwe na ushauri uliopitwa na wakati. Karanga nzima asimpe, kwa sababu ya kupaliwa. Na kama mtoto ana ukurutu mkali au ameshawahi kuvimba kwa yai, aonwe na daktari kwanza.

Kuishi na mzio pwani ni kazi ya adabu zaidi kuliko ya tiba. Kukataa chakula nyumbani kwa mtu ni kumkataa mwenyewe. "Onja tu mwanangu, kidogo hakidhuru," na anayesema hivyo ni mzee aliyeamka alfajiri kukupikia. Nimejifunza kutosema "sili kamba", kwa kuwa hiyo husikika kama kuchagua. Nasema, "Mama, kamba wananifunga pumzi, nilishawahi kulazwa." Sijawahi kuona mzee wa Kiswahili aliyelazimisha baada ya kusikia neno pumzi. Na siulizi tena kama chakula kina kamba. Nauliza mafuta yamekaangia nini, upawa umetoka chungu gani, ubao umekatiwa nini. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alininunulia karai langu na kulitundika msumari wake, na mtu akilishusha kukaangia kitu kingine alisikia habari yake.

Ile sindano inayojichoma yenyewe, ambayo wenzetu ng'ambo hutembea nayo mkobani, sijawahi kuiona duka la dawa la mtaani kwetu. Lakini kichupa cha adrenalini ni dawa ya zamani na ya bei ndogo, imo katika orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani, na zahanati inaweza kuwa nayo. Kwa hiyo nikifika mji nisioujua, kabla sijafungua begi, naulizia zahanati iliyo karibu. Naingia, nasalimia, najieleza, kisha nauliza kama adrenalini ipo leo. Wengi hawachukii. Katika mji mmoja wa pwani nesi kijana alinijibu kuwa ipo bila shaka, akaenda kufungua trei ya dharura anionyeshe, akakigeuza kichupa kusoma tarehe, akanyamaza. Alivuta kiti, akafungua daftari la kuagizia dawa, akaandika akiwa amesimama.